Funza na miguu mitupu: mdudu aliyevuka Kongo pamoja na wapagazi

Katika kambi na katika familia zinazopokea wakimbizi wa vita huko Kivu, mtoto mwenye funza miguuni huchekwa na wenzake. Watu wazima nao husema ni uchafu wa mama yake, wengine hata wanasema amelogwa. Lakini historia inasema jambo lingine: funza ni mgeni Afrika, na mwaka alioingia unajulikana.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli ya Waingereza iliyoitwa Thomas Mitchell ilitoka Brazili na kutia nanga Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa imebeba mchanga wa kuipa uzito. Funza walikuwa ndani ya mchanga huo. Kutoka pale wakaingia katika misafara ya biashara, na nyayo za watu zikawafikisha bara.

Funza jike hujichimbia ndani ya ngozi, hasa kando ya kucha na kwenye kisigino, akavimba mpaka akawa kama punje ya njegere. Mayai yake huanguka katika vumbi popote mtu yule anapopita au anapolala. Mpagazi aliyelala kambi moja leo na nyingine kesho aliacha mbegu katika kambi zote mbili.

Na Kongo ya wakati ule ilikuwa nchi ya wapagazi. Kabla ya reli ya Matadi hadi Léopoldville (Kinshasa ya leo) kumalizika mwaka 1898, mizigo ilipita njia hiyo juu ya vichwa vya watu: nguo, bunduki, pombe, mpaka vipande vya meli vya kwenda kuunganishwa mtoni. Wapagazi walitembea bila viatu. Askari weusi wa Force Publique vilevile. Picha za zamani zinawaonyesha wamepanga mstari, kofia kichwani, bunduki mkononi, mkanda umekazwa, na chini miguu mitupu. Afisa Mzungu kando yao amevaa buti. Fedha za risasi zilipatikana, za viatu hapana.

Katika muda usiofika miaka 30, funza alikuwa amevuka bara lote hadi Zanzibar. Mwaka 1892 msafiri Mwaustria Oscar Baumann alipita Uzinza, kusini mwa ziwa Victoria, akaandika juu ya watu waliooza viungo na vijiji vilivyokwisha watu kwa ajili ya mdudu huyo. Wenyeji walikuwa hawajamzoea. Mahali alipokaa muda mrefu, watu walikwisha kujua kumtoa mapema kwa sindano, kabla hajavimba.

Baadaye, chini ya Wabelgiji, kiatu kikawa alama ya cheo. Karani alikuwa nacho, mlimaji na mtu wa mgodini mara nyingi hakuwa nacho. Wanaoshangaa kwa nini masapeur wa Kinshasa na Brazzaville wanaweza kukaa na njaa ili wanunue kiatu cha Weston, wakumbuke babu zao walitembeaje.

Kwa familia iliyokimbia usiku, kiatu mara nyingi ndicho kitu cha kwanza kupotea njiani. Karibu na Goma watoto hukanyaga mawe ya volkano yanayokata kama wembe. Penye udongo mkavu, hulala chini juu ya vumbi, na vumbi ndilo nyumba ya funza. Mama asiye na maji ya kunyunyiza sakafu wala kandambili za kumvalisha mtoto hawezi kuitwa mchafu. Pini moja ikipita kwa watoto watano bila kuchemshwa huleta hatari kubwa kuliko funza mwenyewe, kwa sababu pepopunda huingia kwa kidonda kidogo kama hicho. Mahali pasipo na viatu vya duka, sandali iliyokatwa katika tairi la gari inatosha kutenga kisigino na vumbi.