Ushirikiano Bila Imani: Mashindano ya Axelrod na Maneno Tunayoyatumia

Waandishi wengi wakitaja mashindano ya kompyuta yaliyoandaliwa na Robert Axelrod husema kwamba yalionyesha jinsi imani inavyozaliwa kati ya watendaji huru. Kwa maoni yetu usemi huo wapotosha historia.

Mchezo wenyewe ulibuniwa mwaka 1950 na Merrill Flood na Melvin Dresher katika shirika la RAND, Marekani. Hadithi ya wafungwa wawili waliotengwa, kila mmoja akishawishiwa kumshtaki mwenzake, iliongezwa na Albert Tucker mwaka uo huo. Mchezo ukichezwa mara moja tu, kusaliti kuna faida lolote atendalo mwenzako. Lakini wote wawili wakisaliti, huambulia kidogo kuliko kama wangalishirikiana.

Axelrod, wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliwaomba wataalamu wamletee programu za kuucheza mchezo huo mara 200 katika kila pambano. Wakishirikiana, kila mmoja hupata pointi 3, wakisalitiana, 1, mmoja akisaliti peke yake hupata 5, na mwenzake hatoki na kitu. Zilikuja programu 14, Axelrod akaongeza moja ya kubahatisha. Iliyoshinda ilikuwa fupi kupita zote, kazi ya Anatol Rapoport wa Toronto: huanza kwa kushirikiana, kisha hurudia tendo la mwisho la mwenzake. Matokeo yalipojulikana, mashindano ya pili yakaleta programu 62 kutoka nchi 6. Rapoport alileta ile ile, ikashinda tena.

Wengine huiita "jino kwa jino". Tafsiri hiyo hutaja kisasi na kusahau ukarimu wa hatua ya kwanza. "Nipe nikupe" ni afadhali. Tena, katika pambano la wawili programu hii haiwezi kamwe kumpita mpinzani wake. Ilishinda kwa jumla ya pointi, kwa kuwa iliwavuta wengine washirikiane nayo.

Je, iliamini? Hata kidogo. Haikutumaini wala kushuku. Iliangalia tendo la mwisho, basi. Axelrod mwenyewe, katika kitabu chake cha 1984, alieleza kwamba msingi wa ushirikiano si kuaminiana bali ni kudumu kwa uhusiano. Mfano wake mashuhuri ni askari wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani, waliokaa katika mahandaki wakitazamana muda mrefu hata wakaacha kulengana. Walibaki maadui.

Upungufu ulionekana baadaye. Zikikutana "nipe nikupe" mbili, na moja ikakosea mara moja tu, husalitiana kwa zamu pasipo kikomo. Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha mwaka 1992 kwamba programu inayosamehe mara kwa mara hufanikiwa zaidi. Hapo ndipo tunapoanza kuikaribia imani, maana anayesamehe hukubali hasara bila uhakika wa kulipwa. Mwaka 1994 Stephen Marsh, katika tasnifu yake huko Stirling, Uskoti, aliiingiza imani yenyewe katika hesabu za watendaji wa kompyuta, akiipima kuanzia -1 hadi 1.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Imani, uaminifu na amana ni maneno ya shina moja la Kiarabu, na mwenye kuweka amana huiacha mikononi mwa mtu awezaye kuila. Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika mihadhara yetu kazi ya Axelrod iitwe nadharia ya ushirikiano, na neno kuaminiana liwekewe Marsh na waliomfuata.