101st Airborne: Wasoja wa Marekani Waliotua Manda Bay Walitoka Wapi?

Unakumbuka ile picha ya Januari 2020, wasoja wa Marekani wamebanana ndani ya ndege ya C-130, helmeti kichwani, safari ya Lamu? Mtaani stori ilikuwa ati ni makomando wa siri kama wale wa muvi. Zii. Hao walikuwa wa 101st Airborne Division, divisheni ya kawaida tu ya jeshi la nchi kavu.

Hii divisheni iliundwa Agosti 1942, na kambi yao iko Fort Campbell, mpakani mwa Kentucky na Tennessee. Jina lao linachanganya watu. Juni 1944 kweli waliruka na miavuli kule Normandy, Ufaransa, lakini kuanzia vita vya Vietnam walihamia helikopta. Siku hizi helikopta ndio inawamwaga karibu na adui. Marekani wenye bado wanaruka na miavuli kama divisheni nzima ni 82nd Airborne, na hapa Kenya hiyo kazi iko na 20 Para, wale walitumwa Mlima Elgon 2008.

Vita wamechapa mob. Afghanistan walienda, wakarudi, wakaenda tena. Iraq waliingia 2003 wakapewa mji wa Mosul, bosi wao akiwa Jenerali David Petraeus, na Julai mwaka huo walikuwa kwa ile operesheni iliyowaua Uday na Qusay, wana wa Saddam Hussein. 2022, baada ya Urusi kuvamia Ukraine, walipelekwa Romania. Huko hawakupiga risasi. Walikaa tu karibu ili Putin awaone.

Lakini ukiniuliza, trip yao ya ajabu zaidi ni ile ya Liberia. 2014 Ebola ilikuwa inamaliza watu Afrika Magharibi, na kufikia mwisho wake iliua zaidi ya watu 11,000. Agosti, Kenya Airways ilisimamisha ndege zake za Monrovia na Freetown, na hapa kwetu wengi walishangilia, tusidanganyane. Oktoba, wakati kila mtu anatoroka, makao makuu ya 101st yakahamia Monrovia chini ya Jenerali Gary Volesky. Hawakutibu wagonjwa. Walijenga vituo vya matibabu, wakabeba vifaa, wakasaidia maabara na mafunzo ya wahudumu wa afya. Wakirudi, walitengwa siku 21 kabla ya kuona familia zao. Noma ni kwamba ujenzi ulichelewa: vituo vingine vilimalizika maambukizi yakiwa yameshashuka, na kuna vile havikuwahi kupokea mgonjwa hata mmoja.

Sasa turudi Pwani. Alhamisi 2 Januari 2020, basi lililotoka Mombasa kwenda Lamu lilimiminiwa risasi Nyongoro. Watu wasiopungua 3 walikufa. Kama wewe ni wa Kisauni unaijua hiyo barabara, inaanzia karibu na mlango wako: Mtwapa, Kilifi, Malindi, Garsen, halafu moyo unaanza kudunda.

Siku 3 baadaye, Jumapili alfajiri, Al-Shabaab wakaingia uwanja wa ndege wa Manda Bay. Hapo Wamarekani wanakaa pamoja na Jeshi la Wanamaji la Kenya, wale ambao makao yao makuu ni Mtongwe, hapo Likoni. Mwanajeshi 1 wa Marekani na makontrakta 2 wa Kimarekani waliuawa, na ndege kadhaa zikachomwa. Makomando wa Marines waliokuwa Camp Simba, karibu hapo, ndio walikimbia kusaidia kuwafukuza.

101st waliingia baada ya hapo. Marekani wako na kikosi cha dharura cha Afrika Mashariki kinachokaa Camp Lemonnier, Djibouti. Kiliundwa baada ya ubalozi wao mdogo kuvamiwa Benghazi, Libya, 2012. Wanajeshi wake hubadilishwa kwa zamu, na Januari hiyo zamu ilikuwa ya 101st. Siku hiyo hiyo wakapakiwa kwa C-130, na ndio ile picha. Kwa hivyo ule moto wenyewe hawakuukuta. Walikuja kuulinda uwanja usivamiwe tena.

Na kwa nini ulivamiwa kirahisi hivyo? Machi 2022 Pentagon ilitoa ripoti, na wala haikuwabembeleza watu wao: viongozi walilichukulia tishio kimchezo, na walinzi hawakuwa wamefunzwa vya kutosha. Yaani jeshi lenye hela zote hizo, kaunti moja na msitu wa Boni, ambako KDF walikuwa wanawasaka hao hao Al-Shabaab tangu Operesheni Linda Boni ianze 2015, lilikuwa linalala.

Kitu kimoja wasee huchanganya: kazi ya 101st ilikuwa ni kambi, basi. Barabara ya Nyongoro haikuwahusu. Hiyo ilibaki ya polisi na KDF, na abiria wa Lamu wakaendelea kusafiri na askari wa kuwasindikiza.