Jinsi Samaki Walivyofika Ziwa Nakuru

Msomaji wangu, ukisimama kando ya Ziwa Nakuru asubuhi utamwona mwari akitumbukiza mdomo wake mpana majini, kisha akiinua kichwa na kumeza samaki. Pengine hutastaajabu, ukidhani kwamba ndege, samaki na ziwa wamekuwa pamoja tangu kale. Sivyo. Wazee walioishi hapa kabla ya mwaka wa 1953 walilijua ziwa la heroe wengi, lisilo na samaki hata mmoja. Basi samaki hawa walitoka wapi?

Walitoka Magadi, upande wa kusini wa Bonde hili hili la Ufa. Huko, penye chemchemi za maji ya moto na makali ya magadi, yumo samaki mdogo wa jamaa ya ngege, ambaye wataalamu walimwandika vitabuni mwaka wa 1912. Jike lake huatamia mayai kinywani mpaka watoto waweze kuogelea. Samaki wengine wangekufa mara moja katika maji kama hayo, maana hutoa uchafu wa mwili kwa njia ya mashavu, na maji ya magadi huuzuia usitoke. Mwaka wa 1989 wataalamu walieleza kwamba samaki huyu hugeuza uchafu huo kuwa urea, kama tufanyavyo sisi wanadamu.

Shabaha ya kumleta Nakuru ilikuwa njema. Mbu walisumbua watu, nao viluwiluwi wa mbu huishi majini. Ikaonekana kwamba samaki atawala. Aliletwa mwaka wa 1953, na tena 1959 na 1962.

Katika miaka hiyo hiyo, mbali sana na Nakuru, jambo jingine lilikuwa likigunduliwa ambalo lamhusu kila samaki aogeleaye. Mwaka wa 1952 Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walieleza jinsi neva ya ngisi ipelekavyo habari. Chembe za sodiamu zikiingia ndani ya neva, neva hushtuka. Chembe za potasiamu zikitoka nje, neva hutulia, ikawa tayari kushtuka tena. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1963. Baadaye wataalamu wengine waliwachunguza samaki wachanga, wakaona sheria hiyo ikitenda kazi katika ule ugwe upitao ndani ya uti wa mgongo. Neva za upande wa kushoto hushtuka na mkia hupinda kushoto. Hizo zikitulia, za kulia hushtuka, na mkia hupinda kulia. Mwendo wa potasiamu ni mmojawapo wa mambo yanayopima muda wa kutulia, na kwa hiyo mwendo wa mkia. Asiyetulia hawezi kupiga mkia mara ya pili.

Sasa fikiri, msomaji: magadi yenyewe ni chumvi ya sodiamu. Mtoto wa samaki atokaye kinywani mwa mama yake huingia katika bahari ya sodiamu, na mwili wake hauna budi kulinda kipimo cha chumvi zake saa zote, ama sivyo mkia hautapiga. Kwa kuwa aliweza hayo Magadi, aliweza na Nakuru.

Akazaana mno. Hapo wakaja walao samaki: mwari, mnandi, korongo na furukombe. Mwari wakafanya viota vyao katika Ziwa Elmenteita, wakawa wakiruka mpaka Nakuru kutafuta chakula. Mwaka wa 1968 Nakuru ikawa Hifadhi ya Taifa, na wageni wengi wakaja kuwatazama ndege. Na mbu je? Mbu wangalipo.

Usifanye haraka kusema kwamba kila mgeni huleta neema. Katika Ziwa Naivasha, jirani yetu, samaki aitwaye besi aliletwa kutoka Marekani mwaka wa 1929 ili watu wapate mchezo wa kuvua. Besi hula samaki wadogo. Samaki mdogo wa asili wa Naivasha alionekana kwa mara ya mwisho mwaka wa 1962, mwaka ule ule ambao Nakuru ilikuwa ikiongezewa samaki wa Magadi. Hakurudi tena.

Wala ziwa lenyewe halikai hali moja. Miaka ya katikati ya 1990 Nakuru ilikaribia kukauka. Tangu karibu mwaka wa 2010 maji yamepanda, ukali wake umepungua, na heroe wengi wamehamia Bogoria.

Waliowaleta samaki hawa walikusudia kuwaua viluwiluwi. Hawakukusudia kuwaita mwari. Nasi tukisoma habari za kale, yatupasa kuuliza mambo mawili: watu walitaka nini, na kilitokea nini. Mara nyingi majibu hayo mawili hayafanani. Siku utakapokuwa mtu mzima na kuulizwa ni nini kitiwe ziwani, shambani au msituni, kumbuka kwamba kitu kilicho hai, kikiisha kuachiliwa majini, hakiitiki tena kwa sauti ya aliyekileta.