Kuzuia Ukatili Dhidi ya Watu Wenye Ualbino Kanda ya Ziwa

Mwishoni mwa Mei 2024, mtoto wa kike mwenye ualbino, mwenye umri wa miaka miwili na nusu, alinyakuliwa nyumbani kwao wilayani Muleba, mkoani Kagera. Mwili wake ulipatikana katikati ya Juni, na watu tisa walifikishwa mahakamani. Kwa wakazi wa Mwanza, Geita, Simiyu na Shinyanga, tukio hilo lilirejesha hofu ya miaka ambayo wengi waliamini imekwisha.

Ualbino ni hali ya kurithi inayotokana na upungufu wa melanini katika ngozi, nywele na macho. Mtoto huzaliwa nao pale anapopokea kinasaba husika kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe huweza kuwa na rangi ya kawaida; kwa wazazi wa aina hiyo, uwezekano ni mmoja kati ya wanne kwa kila ujauzito. Ni dhahiri basi kuwa mama anayefukuzwa kwa tuhuma za uzinzi baada ya kujifungua anaonewa. Inakadiriwa kuwa nchini Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia, na kisiwa cha Ukerewe kinajulikana kwa kuwa na jamii kubwa ya watu hao.

Mauaji yalianza kuripotiwa kwa wingi kuanzia mwaka 2007. Chanzo chake ni imani kwamba viungo vya mwili wa binadamu huleta utajiri, imani iliyopata wateja miongoni mwa watafutaji wa dhahabu na wavuvi wa ziwani, watu ambao riziki yao hutegemea sana bahati. Mchimbaji aliyekosa dhahabu au mvuvi ambaye nyavu zake zimerudi tupu huenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli hutaja kiungo. Fedha huahidiwa, na mtekaji hutafutwa. Mara nyingi mnyororo huo haukamiliki bila mtu wa karibu na familia anayejua mtoto analala chumba gani. Ndiyo maana doria ya usiku peke yake haitoshi.

Mwathirika wa ramli si mtu mwenye ualbino pekee. Kwa miongo kadhaa, vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, ilhali wekundu huo mara nyingi ni matokeo ya kupikia kwa kuni na samadi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu mwaka 1928, inaharamisha kumtuhumu mtu kuwa mchawi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 nayo inataka mganga asajiliwe. Tofauti hii ni ya msingi: mtoa dawa za mitishamba aliyesajiliwa ni mshirika wa huduma ya afya, bali mpiga ramli chonganishi ni mhalifu anayepaswa kuripotiwa.

Serikali ilichukua hatua kadhaa katika wimbi la kwanza. Januari 2009, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa vibali vya waganga wa jadi. Machi mwaka huo, wananchi waliitwa kupiga kura za siri kutaja wahusika. Septemba, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Hata hivyo, Desemba 2014 mtoto wa miaka minne alitekwa wilayani Kwimba, na Februari 2015 mwingine, wa umri wa mwaka mmoja, aliuawa wilayani Chato. Marufuku ilitangazwa upya Januari 2015. Kurudiwa huko kunaonyesha kuwa tamko bila ufuatiliaji wa kijiji kwa kijiji hudumu muda mfupi.

Ufuatiliaji huo una msingi wa kisheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Pale kamati inapofanya kazi, mwenyekiti wa kitongoji anazijua kaya zenye mtu mwenye ualbino, mtoto hasindikizwi shuleni na mtu mmoja yule yule kila siku, na mgeni asiyejulikana shughuli zake huulizwa mapema. Taarifa za mtoto aliye hatarini hupokelewa bila malipo kupitia namba 116, na za dharura kwa polisi kupitia 112.

Shule za bweni kama Mitindo wilayani Misungwi na Buhangija mjini Shinyanga ziliwapokea watoto waliokimbia makwao, na ziliokoa maisha. Lakini mtoto aliyepelekwa bwenini akiwa na miaka mitano hukua bila kuwafahamu ndugu zake, na siku ya kurudi nyumbani huwa ni siku ya kuhamia ugenini. Kuwaunganisha na familia kunahitaji afisa ustawi wa jamii aitembelee kaya kabla na baada ya mtoto kurejea, sambamba na kofia pana, miwani na mafuta ya kukinga jua, ambayo hutengenezwa pia hapa nchini katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi. Saratani ya ngozi huua watu wenye ualbino wengi kuliko panga, na mtoto anayerudishwa kijijini bila kinga hiyo ameondolewa hatari moja na kukabidhiwa nyingine.