Vile vinundu kwenye uma wa baiskeli

Kuna fremu moja ya alumini nimekuwa nikiizunguka kwa wiki tatu sasa kwenye duka la baiskeli za mtumba, Ilala. Ni nyepesi, bomba la juu limenyooka, na kwenye uma wa mbele kuna vinundu viwili vya chuma vimechomoza, kimoja kila upande wa tairi. Nyuma navyo vipo viwili. Pembeni yake imening'inizwa fremu nyingine, mpya zaidi kwa sura. Hii haina kinundu hata kimoja, ila upande wa kushoto, karibu na ekseli, ina matundu mawili ya skrubu. Bei zinakaribiana. Nikamuuliza muuzaji tofauti ni nini. "Kaka, hii ndiyo ya kisasa," akaonyesha ile ya pili. Maelezo yakaishia hapo.

Sasa mwandishi wa habari ukimpa jibu kama hilo unakuwa umemchokoza. Halafu nina sababu yangu nyingine. Mwezi Aprili, mvua ikinyesha, nilishuka mlima mmoja kule Goba na baiskeli yangu ya zamani yenye ringi za chuma. Nikabana breki zote mbili mpaka vidole vikauma, baiskeli ikaendelea kana kwamba hainihusu. Ringi ya chuma ikilowa, raba inateleza tu juu yake. Nilisimama katikati ya barabara ya lami, daladala ikiwa hatua chache kutoka kwangu, na kondakta akanipa maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasoma. Kwa hiyo swali la breki kwangu si la mapambo.

Nikaanza kufuatilia vile vinundu, na kumbe vina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Fremu zote mbili ni za mchezo mmoja, saiklokrosi: mbio za baiskeli za majira ya baridi kule Ulaya, kwenye matope, majani, mchanga na ngazi. Pale pasipopandika mtu anashuka, anaitupia baiskeli begani na kukimbia nayo. Mizunguko ni mifupi na mbio za wanaume wa daraja la juu huchukua kama saa moja. Mchezo ulianzia Ufaransa. Anayetajwa kuwa baba yake ni mwanajeshi, Daniel Gousseau, aliyeandaa mashindano ya kwanza ya taifa mwaka 1902. Kilichoupa jina ni Octave Lapize, aliyekuwa bingwa wa Ufaransa wa saiklokrosi mwaka 1907, na miaka mitatu baadaye akashinda Tour de France. Alisema mbio za matopeni ndizo zilizomuandaa. (Masikini, alikufa mwaka 1917 akiwa rubani wa ndege za kivita.)

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, na mshindi alikuwa Mfaransa Jean Robic, ambaye Tour alikwishashinda mwaka 1947. Kilichowasumbua watu wa wakati huo hakikuwa breki kushindwa kukamata, bali tope. Breki za kawaida za baiskeli za barabarani zina umbo la koleo, zinalikumbatia tairi kutoka juu. Kwenye lami hakuna shida. Pita nayo kwenye shamba la Ubelgiji mwezi Januari: tope na majani vinajaa pale juu, kati ya tairi na breki, na baada ya dakika chache gurudumu halizunguki tena.

Jibu likawa breki ya kantileva, na hapo ndipo vinundu vyetu vinapoingia. Fundi anachomelea vinundu viwili kwenye uma na viwili kwenye mabomba ya nyuma. Kila kinundu kinabeba mkono mmoja wa breki, unaochomoza kwenda nje kama kiwiko. Waya mfupi unaunganisha mikono miwili, waya mkuu unauvuta ule mfupi kutoka katikati, na raba zinabana ringi. Juu ya tairi panabaki wazi na tope linapita. Kampuni ya Mafac ya Clermont-Ferrand (mji uleule wa Michelin) ilitengeneza kantileva zilizopendwa sana na wapanda saiklokrosi. Ukizitazama picha za zamani utaiona ile mikono imetoka pembeni kama masikio ya mbuzi.

Lakini angalia kilichotokea hapo. Breki ya koleo inafungwa kwa boliti moja, ukiichoka unaifungua na kuweka nyingine. Ya kantileva inadai fremu iliyochomelewa kwa ajili yake. Tangu siku hiyo mtu hachagui breki halafu fremu. Anachagua vyote kwa mpigo, na akikosea, vyote vinamkosea.

Fremu zenyewe zilikuwa na mantiki yake. Bomba la juu liliachwa tupu chini ili lilale begani, nyaya zikapitishwa juu au pembeni. Chupa ya maji haikuwa na nafasi. Ekseli ya pedali iliwekwa juu kidogo, maana enzi za kufunga viatu kwa mikanda, pedali isiyo na mguu iligeuka kichwa chini na kukwaruza ardhi. Kisha mwaka 1972, karibu na Padova huko Italia, Lodovico Falconi akaanzisha kampuni ya Alan. Fremu zake zilikuwa za alumini, mabomba yakiwa yameunganishwa kwa gundi na nyuzi za skrubu badala ya kuchomelewa. Ukimwambia fundi wa Tandika kwamba fremu imegundishwa atakucheka, lakini fremu zile zilibeba wapanda saiklokrosi wengi wa Ulaya kwa miaka mingi. Ukikimbia na kitu begani kwa saa nzima, kila gramu ina jina.

Kantileva nayo haikuwa malaika. Ina ugonjwa mmoja, na huu msomaji usiupite haraka kama unafikiria kununua fremu ya aina hii. Waya wa breki ya mbele kwa kawaida huning'inia kutoka juu kabisa, pale shingo ya usukani inapoingilia kwenye fremu. Ukibana breki, uma unapinda kidogo kurudi nyuma. Ukipinda, umbali kati ya juu na breki unaongezeka, kwa hiyo waya unavutika zaidi bila wewe kuongeza nguvu. Breki inakaza zaidi, uma unapinda zaidi, mpaka raba inaachia na uma unarudi. Halafu mchezo unaanza upya, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Baiskeli nzima inatetemeka kama cherehani. Watu wamebadilisha raba na ringi wakidhani ndizo mbovu, kumbe tatizo ni mahali waya ulipoanzia. Dawa ni kuushikiza waya chini, kwenye kichwa cha uma wenyewe, ili uma ukipinda uende na waya wake. Dawa nyingine ni breki aina ya V zenye mikono mifupi, zinazofungwa kwenye vinundu vilevile na hazihitaji waya wa kuning'inia, ingawa nafasi ya tope inapungua.

Na pamoja na ugonjwa huo, kantileva ilitawala. Mbelgiji Eric De Vlaeminck alichukua ubingwa wa dunia mara 7 kati ya mwaka 1966 na 1973. Baiskeli za milimani zilipohamia kwenye breki za diski, saiklokrosi ilibaki nyuma, kwa sababu Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, lilizipiga marufuku kwenye mashindano yake. Marufuku ikaondolewa mwaka 2010.

Hapa ndipo nilipotegemea kusoma kwamba wote walihama siku iliyofuata. Kimantiki diski ndiyo breki ya matope: inabana sahani ndogo katikati ya gurudumu, mbali na uchafu, na ringi ikilowa au ikipinda haijali. Lakini tarehe 2 Februari 2013, huko Louisville, Marekani, mashindano ya dunia yalipofanyika nje ya Ulaya kwa mara ya kwanza (yakisogezwa mbele siku moja kwa kuhofia mafuriko ya mto Ohio), aliyeshinda alikuwa Sven Nys, miaka 36, kwenye breki za kantileva. Miaka mitatu baada ya ruhusa!

Je, alikuwa mshamba? Hapana. Mpanda wa daraja lile ana baiskeli kadhaa, maana kwenye tope zito anabadilisha baiskeli kila mzunguko huku mafundi wakiosha ile aliyoiacha. Ana jozi nyingi za magurudumu, na kila jozi ina tairi lililogundishwa kwa mkono kwa ajili ya aina yake ya ardhi. Diski inataka kitovu kingine cha gurudumu, na kitovu kipana zaidi nyuma: milimita 135, baadaye 142, badala ya 130 za fremu za zamani. Inataka uma ulioimarishwa mguu wa kushoto, kwa sababu nguvu yote ya kusimamisha inaingia hapo chini, upande mmoja. Yaani kuhama ni kutupa ghala zima. Na hofu haikuwa ya bure: Desemba 2013 kampuni ya SRAM ililazimika kuwataka watu waache kutumia breki zake mpya za mafuta za usukani wa mbio, baada ya mipira ya ndani kushindwa kuhimili baridi kali, tena kwenye mbio hizihizi za saiklokrosi.

Mapinduzi yalikuja na vijana ambao ghala lao halikuwa zito. Mathieu van der Poel alishinda ubingwa wa dunia Tábor, Jamhuri ya Czech, mwaka 2015 akiwa na miaka 20, kwenye diski. Mwaka 2025 huko Liévin, Ufaransa, alifikisha mataji 7 na kumfikia De Vlaeminck. Kati ya ushindi huo wa kwanza na wa saba, fremu zenye vinundu zilitoweka kwenye mistari ya mbele ya mbio kubwa, zikashuka bei na kusambaa duniani. Nadhani ndivyo moja ilivyotua Ilala.

Jumamosi nilirudi dukani na fundi wangu. Aliitazama ile "ya kisasa" kwa muda mrefu. "Mdogo wangu, hii imekuja bila breki zake, bila magurudumu yake. Utazunguka Kariakoo mwezi mzima unatafuta kitovu cha kuingia hapa." Akaigeukia ya pili, akashika vinundu kimoja kimoja, akavizungusha kidole, akaangalia kama vina kutu au ufa. "Hizi raba zake nakupatia hata leo."

Nikamuuliza kuhusu waya wa mbele, kama anaweza kuushikiza kwenye kichwa cha uma badala ya juu. Akaniangalia kama anayetaka kujua nani kanifundisha. Kichwa cha uma kina tundu tayari, akasema, kipande cha bati nene na boliti moja vitatosha. Nimelipa nusu ya bei, nusu nitamalizia mwisho wa mwezi mshahara ukitoka. Ringi nimesisitiza ziwe za alumini.