Shafti za Kigari cha Mbio cha Redio, na Uchaguzi wa Madini Yake

Shafti, katika kigari cha mbio kinachoongozwa kwa redio, ni ufito mfupi upokeao mzunguko kutoka kwenye gia boksi na kuufikisha kwenye gurudumu, huku gurudumu lenyewe likipanda na kushuka juu ya springi. Na kwa sababu hiyo ncha zake aghalabu hufanywa mfano wa mfupa, kila ncha ikiwa na kichwa cha mviringo kilichopitishwa pini, nacho kichwa hucheza ndani ya kikombe chenye mianya miwili. Si vigari vyote vya zamani vyenye umbo hilo. Grasshopper na Hornet, vilivyotolewa na Tamiya ya Japani mwaka 1984, havina kiungo chochote, maana gia boksi na ekseli hupanda na kushuka pamoja. Frog cha mwaka 1983 kina shafti zenye ncha za pembe sita, ambazo wenyewe wanazijua vyema kwa tabia yake ya kulika na kuchomoka njiani. Na Hotshot cha mwaka 1985, cha kwanza cha Tamiya katika jamii ya bagi kusukumwa na magurudumu yote manne, huongeza shafti nyingine ndefu inayotoka nyuma kupeleka nguvu mbele.

Mwenye kigari cha namna hii akiwa Kasese au Bwera, magharibi mwa Uganda, vipuri vyake vya asili haviko dukani, na shafti ikivunjika hana budi kuichonga. Kasese, kwa hakika, ni mji uliozaliwa na madini: shaba ya Kilembe ndiyo iliyoifikisha reli hapo mwaka 1956, ikapelekwa kwa gari moshi hadi Jinja kuyeyushwa. Walakini shaba haifai kuwa shafti, kwa kuwa ni laini na hupindika upesi. Kazi yake njema, ikichanganywa na bati, ni kuwa bushi inayoishika shafti bila kuilia. Chuma chenyewe hutafutwa katika masalio ya pikipiki, baiskeli na magari, ambayo hayakosekani kando ya barabara itokayo Kikorongo kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambako malori huvuka mto Lhubiriha kuingia Kasindi, upande wa Kongo, na kuendelea Beni na Butembo.

Kabla ya kushika tupa, fundi na ajiulize swali moja, nalo ni lile ambalo wengi hulisahau kwa kuvutwa na hamu ya nguvu: kigari kikigonga jiwe, au gurudumu likikwama ghafla ilhali mota ingali ikivuta, ni kitu gani kivunjike kwanza? Meno ya gia za vigari hivi mara nyingi ni ya plastiki, na plastiki ya miaka arobaini imekwisha kukauka. Shafti isiyovunjika kamwe huurudisha mshindo wote kwenye meno hayo, nayo hayapatikani huko kwa urahisi. Kwa hiyo shafti iliyo bora kwa kigari cha kale si ile yenye nguvu kuliko zote, bali ile inayodumu katika mbio na bado ina mahali pamoja padhaifu palipokusudiwa, yaani pini.

Madini yanayoshindaniwa ni matatu. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina uzito wa gramu 7.8, titani gramu 4.5, na aluminiamu gramu 2.7, hivyo shafti ya kipenyo cha milimita 5 na urefu wa milimita 80 huwa na gramu 12 ikiwa ya chuma, 7 ikiwa ya titani, na 4 ikiwa ya aluminiamu. Tofauti hiyo huwashawishi watu, wakadhani kigari kitachomoka kwa kasi zaidi. Dhana hiyo ni batili, kwani uzito wa shafti umekaa karibu kabisa na kiini cha mzunguko: gurudumu la gramu 60, ambalo uzito wake uko sentimita 4 kutoka katikati, hudai nguvu ya kulizungusha iliyozidi ya shafti ya chuma zaidi ya mara 2,000. Fauka ya hayo, aluminiamu ya kipenyo kile kile hujisokota mara tatu zaidi ya chuma, na titani, mbali na ughali wake, hung'ang'ania madini inayosuguana nayo mpaka nyuso zote mbili zikachubuka. Afadhali kuongeza unene kuliko kubadili madini: ufito wa milimita 5 huhimili msokoto karibu maradufu ya ule wa milimita 4, ilhali uzito umezidi kwa kiasi cha nusu tu.

Chuma nacho kina daraja zake. Nondo ya kujengea inakerezeka vizuri, lakini kaboni yake ni kidogo, na hata ikipata moto na kutiwa maji haigeuki kuwa ngumu. Shafti yake hujisokota kama kamba. Ufito wa shokapu ya pikipiki ni bora mno, kwa kuwa chini ya ule mng'ao wake mna chuma chenye kaboni ya kutosha. Mng'ao huondolewa kwanza kwa jiwe la kunolea, ndipo ufito ukerezwe. Kipande cha ekseli ya gari ya saluni pia chafaa, mradi kipashwe moto wa mkaa hadi kiwe chekundu, kisha kilazwe ndani ya majivu usiku kucha kipoe taratibu, ama sivyo kitauvunja ulimi wa mashine ya kukereza. Shafti ikiisha kuchongwa hurudishwa motoni, huchovywa katika mafuta, hupigwa msasa ing'ae, halafu huoteshwa moto mdogo mpaka rangi ya samawati itambae juu yake. Hapo ugumu umepungua kidogo na wepesi wa kukatika umekwisha.

Ama pini, mwandishi huyu hajaona kitu kilichozidi spoki ya baiskeli. Spoki ya kawaida ina kipenyo cha milimita 2, sawasawa na tundu la pini katika shafti nyingi za ukubwa huu. Hukatwa kwa koleo, hubanwa kwenye jiliwa, na ncha zake hulainishwa kwa tupa. Isipashwe moto hata kidogo, maana ugumu wake umetokana na kuvutwa ikiwa baridi, na moto huuondoa wote.

Hata hivyo pini hiyo ni laini kuliko pini ngumu ya dukani, kwa hiyo haikili kikombe cha aluminiamu upesi kama hiyo ya dukani, ambayo huchimba mianya mpaka shafti ikachomoka. Vumbi la Kasese, nchi kavu chini ya milima ya Rwenzori, likichanganyika na grisi huwa msasa. Kwa hiyo vikombe hupakwa grisi kiasi kidogo sana, na kila baada ya mbio hufutwa kwa kitambaa, shafti ikatikiswa kwa vidole, na spoki iliyoonyesha alama ya kulika ikatolewa ikatiwa nyingine.