Kusafisha Figo au Kuchuja Damu?

Bariadi, kama kwingineko Kanda ya Ziwa, tiba ya mashine kwa mtu ambaye figo zimeshindwa kazi huitwa "kusafisha figo". Wengine husema "kusafisha damu", na wataalamu "dayalisisi". Lakini figo haiguswi kabisa. Damu ndiyo inayotolewa mwilini, ikapitishwa kwenye kichujio chenye nyuzi nyembamba, ikaacha humo urea, chumvi na maji ya ziada, kisha ikarudishwa. Kwa hiyo mimi nasimama na "uchujaji damu".

Sibishanii sarufi. "Kusafisha" kunamwaminisha mgonjwa kwamba damu imerudi bila vijidudu, ilhali kichujio hakiui bakteria. Tena mara nyingi bakteria huingilia kwenye tiba yenyewe, kupitia mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, ambao ncha yake hufika karibu na moyo. Ndiyo maana madaktari hupendelea fistula ya mkononi, yaani ateri na vena zilizounganishwa kwa upasuaji. (Jina hilo huwashtua akina mama, kwani fistula wanayoijua ni ya uzazi. Waelezwe mapema.)

Kati ya bakteria hao, anayeongoza ni Staphylococcus aureus, mkazi wa ngozini. Wapo wa nadra, kama Burkholderia cepacia na Ralstonia pickettii, wanaoishi majini. Na maji yanayotumika katika tiba hii ni mengi: kikao cha saa 4 hutumia takriban lita 120. Klorini inayolinda maji hayo lazima iondolewe kwa mkaa maalumu, pamoja na kloramini, jamii yake, maana hupasua chembe nyekundu za damu. Kuanzia hapo maji hayana mlinzi, na bakteria hung'ang'ania kuta za mabomba wakajifunika ute. Kiwango cha kimataifa ni chini ya makoloni 100 ya bakteria kwa mililita.

Mgonjwa wa Bariadi anayechujwa damu katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, hurudi nyumbani kupitia Magu na Lamadi. Usiku akishikwa na homa ya kutetemeka, nyumba nzima itasema malaria, na malaria kweli ipo. Apimwe. Ila damu yake ioteshwe pia maabara, kisha aanzishiwe dawa bila kuchelewa, kwa sababu bakteria wale waishio majini hawasikii dawa nyingi za kawaida, na bila kuotesha hawatambuliki. Neno la kwanza kwa daktari wa zamu liwe: "Nachujwa damu, nina mpira shingoni."